Baba anakula nusu ya sahani tangu apate stroki, ni macho ama?

BintiWaKayole: Hamjambo wadau. Buda alipata stroki upande wa kulia wa ubongo, ni miezi miwili sasa. Mkono wa kushoto unarudi polepole na anaongea vizuri tu, lakini jana nimempakulia ugali na sukuma akamaliza ugali wote uliokuwa kulia halafu akaniuliza mbona leo hakuna mboga, na mboga iko hapo hapo kushoto! Nikageuza sahani akashtuka kabisa. Ndevu ananyoa shavu moja, mlango anaugonga na bega la kushoto kila siku. Macho yamepimwa yako sawa. Brathe yangu anasema mzee anajifanya. Mimi namgombeza mchana, usiku nalia.

Therapisti_Eastlands: Pole sana dada. Mzee hajifanyi, mwambie brathe yako hivyo. Ubongo wa kulia ukiumia, hasa kule nyuma kidogo juu ya sikio, mtu anaacha kuushughulikia upande wa kushoto, yaani kwake ni kama haupo, na asilolijua hawezi kulitafuta. Mwaka 1978 kule Milan, Italia, watafiti Bisiach na Luzzatti waliwaambia wagonjwa wenye shida hii wafikirie wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu wakiliangalia kanisa, wakataja majengo ya kulia tu. Halafu wakaambiwa wafikirie wako mlangoni mwa kanisa wanaangalia uwanjani, sasa wakataja yale waliyoyaruka na kuyaacha yale ya kwanza. Hapo macho yanaingia wapi?

Mpeleke okupesheno therapi (mazoezi ya kurudia kazi za kila siku kama kula na kuvaa) mapema, miezi ya mwanzo ndio mtu hupata nafuu zaidi. Huku kuacha upande wa kushoto ndiko huchelewesha mtu kuvaa na kutembea mwenyewe hata mguu ukiwa na nguvu.

Wa_Umoja: Mathe alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anasoma Biblia kuanzia katikati ya mstari, analalamika maneno hayana maana. Tukabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa, hasomi mpaka auguse na kidole kwanza, kila mstari. Ilichukua wiki kadhaa na uvumilivu, lakini alifika. Usimgeuzie sahani kila saa, mwambie "tafuta kushoto" umngojee ageuze kichwa mwenyewe.

BintiWaKayole: Asanteni jameni, nimesoma hizi nikiwa jikoni machozi yanatoka. Na nikikaa naye nikae upande gani?

Therapisti_Eastlands: Wakati wa mazoezi na stori kaa kushoto umvute huko, ila akianza kuchoka usimlazimishe. Simu, maji na fimbo ya usiku weka kulia, anaweza kuanguka akitafuta. Na barabara asivuke peke yake hata kama anasema amepona, wengi wao hawajui kuna kitu wanakosa. Hapa kwetu ukishavuka nusu, gari na boda za upande wa pili zinakujia kutoka kushoto.