Tupeane uzoefu: uliyekulia Marekani na jina la Kiarabu, ujana wako ulikwendaje?

Bin_Forodhani

Wakuu, salaam. Kila mtu avute kiti.

Mwaka jana tulimzika mzee Muscat. Nilipokuwa nikipanga vitu vyake nikakuta pasipoti yake ya zamani, na ndani imebanwa ile kadi nyeupe ya kuingilia Marekani, ina namba iliyoandikwa kwa mkono. Niliijua mara moja. Nikakaa kitako pale pale sakafuni.

Kwa wasiojua: baada ya Septemba 11, 2001, serikali ya Marekani ilianzisha daftari la wanaume wa kigeni. Nchi 25, karibu zote za Waislamu, kuanzia umri wa miaka 16. Mwenye kadi ya ukaazi hakuguswa. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya kazi ndiye aliyetakiwa kwenda ofisi ya uhamiaji akapigwe picha, achukuliwe alama za vidole, ahojiwe. Watu zaidi ya 80,000 waliandikishwa, na zaidi ya 13,000 wakafunguliwa kesi za kufukuzwa nchini. Oman ilikuwemo. Sisi ni wa Unguja, lakini mzee aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishia Muscat kama wengi, pasipoti ikawa ya Oman. Alikuja Marekani kusoma akatuleta wote. Angekuwa na pasipoti ya Tanzania asingeitwa. Mtu yule yule, uso ule ule.

Mimi nilikuwa na miaka 14, sikuhusika. Kaka alikuwa na 17. Siku ya mwisho kwa watu wa Oman ilikuwa Januari 10, 2003. Mwezi mmoja nyuma yake, huko Los Angeles na vitongoji vyake, mamia ya watu walikwenda kwa miguu yao kujiandikisha wakawekwa ndani, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa kama yenye matanga. Usiku mzee akanyoa ndevu. Mama akawafungia mkate wa kumimina, akaandika namba tatu za simu kwenye mkono wa kaka, juu ya kiwiko, sweta literemshwe lizifunike. Wakatoka kabla ya alfajiri na theluji yake. Walirudi baada ya magharibi. Kaka akapitiliza kitandani na viatu.

Sasa mimi hayo hayakuniingia. Nilichokuwa nakijua ni kwamba baba yangu ananitia aibu. Skuli mtoto mmoja aliniita Osama mbele ya darasa, nikamtwanga ngumi ya pua. Mzee akaitwa. Badala ya kunitetea, akaniambia kwa Kiingereza mbele ya mwalimu mkuu: omba radhi. Nikaomba. Kwenye gari akafunga bendera ya Marekani ya plastiki, ikipigwa na upepo mpaka ikabaki uzi. Kwenye basi Kiarabu marufuku: "Semeni Kiswahili. Mtu akikuulizeni, nyinyi ni wa Afrika." Na huyu ni mtu aliyehama Unguja kwa sababu ni Mwarabu, na Muscat wakimwita Mzinjibari. Nilipotimiza 16 nikamwambia usoni kwamba yeye ni mwoga.

Hilo ndilo langu. Nimwagieni yenu.

Kibokoni_One

Allah amrehemu mzee. Langu mimi lina kichekesho.

Nilifika Dearborn, Michigan, 2009, miaka 15, kutoka Mombasa. Sisi ni Washihiri, babu yake baba alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, huko Yemen. Mombasa jirani akikasirika aniambia nirudi kwetu Uarabuni. Basi nilipoiona Dearborn nikasema ndiyo hii kwetu: mabango Kiarabu, mkate Kiarabu, mng'oa meno Kiarabu. Tulikaa upande wa kusini, karibu na kile kiwanda cha Ford cha Rouge, ambako Wayemeni wamejaa. Nguo ukianika nje waanua na vumbi.

Siku ya kwanza darasani kijana wa Kiyemeni akaniuliza kwa Kiarabu natoka wapi. Nikamjibu. Akaangua kicheko, akawaita wenzake waje wasikie. Kumbe Kiarabu changu ni cha chuoni, cha Kurani na dua ya kulala. Nilikuwa nikiomba kalamu kama mtu anayesoma khutba ya Ijumaa. Wakaniita "shekhe" hadi namaliza shule. Wengine waliniita jina jingine, lile la mtumwa, sitaliandika hapa.

Jioni nikamuuliza baba, kwani sisi ni Waarabu au si Waarabu? Akaniambia, "Sisi ni Waarabu. Hao ndio hawajui Kiarabu."

Ugomvi wetu ulikuwa wa mpira, ule wao wa kukumbatia. Agosti 2010 Ramadhani iliangukia msimu wa mazoezi, na timu ya Fordson, shule ambayo wanafunzi wake wengi ni Waarabu, ikahamishia mazoezi usiku: saa tano hadi saa kumi, watu wakale daku. Nilikuwa natoroka kwenda kuwatazama. Taa za uwanja zimewaka, watoto wa mtaani wamekaa kwenye nyasi na chupa za maji, na kwa mara ya kwanza sikuona mtu aliyekuwa akijieleza kwa mtu. Baba alitaka nikae dukani usiku huo huo. "Wataka uvunjwe shingo kwa mpira usiopigwa teke?" Tulinuniana mwezi mzima wa toba.

Jogoo_la_Shamba

Mleta uzi, umetuacha njiani. Ulipomwita mwoga, mzee alijibu nini?

MwanaAmu

Langu ni la mama, na limegeuka nje ndani. Mlizoea kusikia mtoto avua ushungi na mzazi alia. Kwetu mimi nautaka ushungi, mama hautaki.

Minneapolis, Novemba 2016, nina miaka 16. Mama alifokewa na mwanamume kwenye maegesho ya supamaketi. Alichoambiwa hakukisema. Alirudi nyumbani bila maziwa, na maziwa ndiyo aliyoyafuata. Kesho yake nikakuta kofia nyeusi ya sufu juu ya mto wangu, kibandiko cha bei bado kimening'inia. "Kofia nayo yastiri kichwa, mwanangu. Mungu aona." Nikamwambia wewe ndiye uliyenifunza kujifunga tangu Lamu, leo waniambia niufiche? Akasema Lamu hakuna mtu atakayemsukuma mwanangu mbele ya treni. Nikasema maneno mabaya. Wiki nzima tulipishana jikoni kama wapangaji.

Januari 27, 2017 ikatoka ile amri ya Trump ya kuzuia watu wa nchi saba kuingia Marekani. Yemen imo. Mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, alikuwa Mukalla na maombi yake ya viza yamefika mbali. Yakafia hapo. Mama alikesha na simu naye, nasikia sauti tu ikipanda na kushuka kwa Kiarabu cha kwao. Asubuhi akaja chumbani, akanikalisha kitandani, akanifunga ushungi yeye mwenyewe, pini akaishika kwa meno. Hakusema neno. Kisha akanisindikiza hadi kituo cha basi la shule, mimi mtu mzima, yeye na koti la baridi juu ya dera. Wenzangu walicheka. Amri yenyewe ilibadilishwa na nyingine, na zuio lile likafutwa Januari 20, 2021. Mjomba yuko Mukalla mpaka leo, sasa mgonjwa, hataki tena kusafiri.

Ile kofia ninayo. Naivaa nikifagia theluji.

Mzee_wa_Temeke

Nitaongea bila kupaka mafuta, mnisamehe. Mimi mweusi wa Dar, nimefanya kazi miaka minne kwenye duka la kona la Myemeni, Brooklyn. Nasoma humu huruma inaniingia, halafu nakumbuka bosi alivyokuwa akikasirika ananiita lile jina ambalo Kibokoni kalimeza. Kwa Mzungu analia ubaguzi, akigeuka kwangu anabagua. Hayo nayo yamo kwenye ujana wa hao vijana, wameyasikia nyumbani, wasijifanye hawayajui.

Ila haki ya Mungu, na hili niliseme. Februari 2, 2017 Wayemeni wa New York walifunga maduka zaidi ya 1,000 kupinga amri hiyo anayoisema dada. Kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Mtoto wa bosi, miaka 17, mzaliwa wa Brooklyn, alitaka kwenda tangu asubuhi. Bosi hataki: duka halifungwi, halijafungwa hata Idi. Wakagombana mbele ya wateja, kijana kwa Kiingereza, mzee kwa Kiarabu, mimi katikati nakaanga mayai ya sandwichi. Kijana akamwambia, kama sikukosea kusikia, "wateja wako wanakupenda kwa sababu hujawahi kuwaambia unaitwa nani." Kweli. Miaka yote pale walimwita Mike.

Saa sita ikafika. Mzee akavua aproni, akaenda kushusha geti la chuma. Likakwama katikati. Halijashuka miaka, kutu imelishika! Tukaning'inia watatu, mimi, yeye na mwanawe, hadi likakubali. Jioni pale mbele ya ukumbi wa serikali wa Brooklyn wakaswali magharibi hadharani, bendera za Marekani na za Yemen zimechanganyika. Kijana yuko mbele koo limekauka kwa kelele. Mzee wake nyuma kabisa, mikono mfukoni, anaangalia polisi tu.

Baada ya hapo jina la Mike liliendelea. Na mimi hakuniomba msamaha. Lakini lile jina la mtumwa sikulisikia tena, labda kijana alimwambia kitu.

Karani_Mstaafu

Mzee wa Temeke umesema kweli na inauma.

Mimi nichomekee la visanduku. Fomu za Marekani kwa miaka mingi zilimhesabu mtu wa Mashariki ya Kati kuwa mweupe. Shangazi aliyenilea alisoma maelezo, akatia tiki kwenye "mweupe", akarudisha fomu shuleni. Mimi wa Pemba, ngozi hii mnayoijua. Mama wa ofisini akanitazama, akaitazama fomu, akachukua kifutio akatia tiki "mweusi" bila kuniuliza. Nilikuwa na miaka 13, nikasema asante.

Baadaye chuoni nikachimba. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ilimpa uraia Msyria, George Dow, kwa hoja kwamba ni mweupe, maana wakati huo kwa mtu wa Asia uraia ulikwenda kwa weupe. Mwaka 1942 jaji wa Detroit akamnyima Myemeni, Ahmed Hassan, kwa hoja kwamba si mweupe. Mwaka 1944 jaji wa Massachusetts akamkubali Mwarabu mwingine. Sasa wewe kijana wa darasa la nane ndiyo ujue wewe ni nani? Machi 2024 wameamua watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wawe na kisanduku chao. Shangazi nimempigia simu kumwambia. Kasema, "Na Pemba je?"

Mama_Wawili

Jamani, mimi sina ya zamani, yangu inaendelea. Mimi wa Tanga, mume wangu Mpalestina, tunaishi Illinois, kwa gari si mbali na Plainfield, ambako Oktoba 14, 2023 yule mtoto wa miaka sita, Wadea, aliuawa kwa kisu na mwenye nyumba wao kwa sababu tu ni Mpalestina na Mwislamu. Tangu siku hiyo mume wangu amebadilika. Kibao cha jina mlangoni kaking'oa. Kufuli mbili. Binti yetu, 15, yeye kila wiki anataka kwenda maandamano na kufiya, kile kitambaa cha Kipalestina, shingoni. Baba anamfichia kufiya. Juzi nimeikuta kwenye ndoo ya unga.

Jumapili binti akamwambia neno lile lile la mleta uzi. Mwoga. Mume wangu akatoka akakaa ndani ya gari, hajawasha, saa nzima. Mimi nipo katikati, sijui nimfuate nani. Bin_Forodhani, wewe ulikuwa mtoto huyo. Ungetaka mama yako afanye nini?

Bin_Forodhani

Mama Wawili, umenibana. Ningetaka aniambie kwamba kaka alikuwa na namba za simu mkononi. Niliijua ile asubuhi kwa nje tu. Habari ya mkono nilikuja kuambiwa nimeshaoa. Binti yako anajua kuhusu Plainfield kutoka kwenye simu. Muulize kama anajua kwamba baba yake amekaa ndani ya gari. Na kufiya mrudishieni, mtoto akifichiwa ataazima, ataenda, na hamtajua yuko wapi. Mwende naye. Mume akae nyuma kama yule bosi wa Temeke, hata kwa mikono mfukoni.

Kibokoni, hiyo ya "hao ndio hawajui Kiarabu" nimemsomea mke wangu, anacheka mpaka sasa.

Jogoo, sikukusahau. Ilikuwa jioni, mzee yuko mezani anakula, mimi nimesimama. Nilipolitamka hakunyanyua macho. Akaisogeza sahani yangu ukingoni mwa meza, upande wangu, akasema, "Kaa ule, samaki anapoa." Nikatoka nikabamiza mlango. Nilizunguka mitaani hadi saa nne usiku, baridi ikanirudisha. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, watu wamelala. Sahani iko pale pale, imefunikwa na lile kawa la ukindu tulilokuja nalo kutoka Muscat.