Naomba ushauri: dinosaria wala majani wa Tendaguru

Wakuu habari za leo, shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi, na klabu ya sayansi tunaandaa bango la dinosaria wala majani wa Tendaguru, kile kilima cha hapa mkoani Lindi palipochimbwa mifupa ya dinosaria, sasa nimekwama. Kumbe sio Giraffatitan peke yake, yule wa shingo ndefu ambae mifupa yake, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, imesimama Berlin kama mita 13 kwenda juu! Kuna Dicraeosaurus mwenye shingo fupi, Kentrosaurus mwenye miiba mpaka mkiani, Dysalotosaurus mdogo wa miguu miwili, halafu Wamweracaudia wa jamii ya shingo ndefu pia, jina limetoka kwa Wamwera wetu kabisa, watoto waliposikia hilo walipiga makofi.

Nimejaribu kuwapanga kwa kimo, nani anakula juu nani chini, ila mwanafunzi mmoja kaniuliza mbona hao wa shingo ndefu nao wako aina kadhaa, walikuwa wanagawanaje chakula? Nikakosa jibu la kueleweka na nimemwahidi nitarudi nalo.

Naombeni mnisaidie, nikieleza kwa meno na urefu wa shingo inatosha kwa kidato cha pili? Na je niwachore wote pamoja, wakati mifupa imetoka kwenye tabaka tofauti za mwamba?