Mpiganaji gani wa MMA (mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka) amekukaa moyoni, na pambano lipi lilikufanya umpende? Tupeane uzoefu

Heshima kwenu wakuu.

Naanza mimi. Wangu ni Francis Ngannou, na hakunishika kwa nokauti. Desemba 2017 alipompiga Alistair Overeem ile ngumi ya kupandisha kidevuni, nilipiga kelele kama wengine, basi. Kilichonishika ni yaliyofuata. Januari 2018 Stipe Miocic alimchosha raundi tano, akamwangusha chini tena na tena mpaka pumzi ikakata. Mwaka huohuo Ngannou akakutana na Derrick Lewis, pambano ambalo wote wawili karibu hawakurusha ngumi. Watu wakasema huyu kwisha.

Machi 2021 wakarudiana na Miocic. Raundi ya kwanza Miocic akaingia miguuni kama ile mara ya kwanza. Ngannou akarudisha miguu nyuma, akamlalia kwa uzito wote, akampitia mgongoni. Hapo ndipo nilipojua mkanda wa ubingwa unahama, kabla hata ya nokauti ya raundi ya pili. Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane akapanda ulingoni goti likiwa limeumia. Raundi mbili za mwanzo zilimwendea vibaya. Kuanzia ya tatu, mtu tuliyemjua kwa ngumi tu akaanza mieleka, anambeba mwenzake na kumbwaga, akashinda kwa pointi. Alichofanyiwa 2018 alikuwa amekisomea.

Na huyu alichimba mchanga tangu utotoni kule Batié, Kameruni. Alifika Paris 2013 hana pa kulala, akitafuta ngumi za kulipwa, akaangukia MMA. Wengi aliopigana nao walianza mieleka au mateke tangu wadogo. Yeye alijifunza ukubwani, mbele ya macho yetu. Nikikata tamaa na jambo ninalolianza nikiwa nimechelewa, naliangalia lile pambano la Gane kuanzia raundi ya tatu.

Karibuni, mseme yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu umenigusa. Wangu Kamaru Usman, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kushika mkanda wa UFC, lile shirika kubwa la mapambano ya MMA, 2019. Agosti 2022 anaongoza kwa pointi, raundi ya tano, haijabaki hata dakika moja, teke la Leon Edwards likampata kichwani. Nilizima kila kitu nikaenda kulala, na usingizi haukuja. Machi 2023 akakubali marudiano London, mbele ya mashabiki wa Edwards. Akapoteza tena, kwa pointi, na heshima yangu kwake ikaongezeka. Bingwa aliyeangushwa vile angeweza kuomba apangiwe mtu mwepesi kwanza.

Mchangiaji wa pili

Khabib Nurmagomedov. Mapambano 29, hakupoteza hata moja, lakini si hilo. Oktoba 2020 alimmaliza Justin Gaethje kwa kabali ya miguu, kisha akapiga magoti katikati ya ulingo akilia. Baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha, alifariki Julai mwaka ule. Akavua glavu, akasema amemwahidi mama yake hatapigana tena bila baba. Mimi nilikuwa nimemzika mzee wangu karibuni. Nililia naye.

Mchangiaji wa tatu

Kaka zangu, mbona hamtaji wanawake? Machi 2020, Zhang Weili na Joanna Jędrzejczyk, raundi tano, hakuna aliyerudi nyuma. Paji la uso la Joanna lilivimba hadi sura ikapotea, na bado alikuwa anatupa ngumi. Majaji wawili wakampa Weili, mmoja akampa Joanna. Nilikuwa upande wa Joanna na bado niko. Kwangu hakuna pambano lililowahi kulifikia lile, la wanaume wala la wanawake.

Mchangiaji wa nne

Dada, nakuunga mkono kwa hilo. Wangu ni Israel Adesanya. Alex Pereira alimshinda mara mbili kwenye kickboxing (ngumi na mateke), akamfuata UFC, akamnyang'anya mkanda Novemba 2022. Aprili 2023 wakarudiana. Adesanya akabanwa kwenye uzio, anapokea ngumi, halafu mkono wa kulia ukatoka na Pereira akaenda chini. Jirani zangu wote walijua kuna kitu kimetokea. Ila mashabiki wa Pereira nao waje waseme, maana ushindi mara tatu dhidi ya mtu kama yule si jambo dogo.