Tupeane uzoefu: tamthilia ya uhalifu iliyokunyima usingizi kwa uonevu wa rangi

#1
Wakuu, jana nimemaliza When They See Us, sehemu nne tu ila imenichukua wiki mbili maana kila nikimaliza moja nashindwa kuendelea. Ni kisa cha kweli, New York 1989, mwanamke kabakwa akikimbia mazoezi Central Park, polisi wakazoa vijana watano, weusi wanne na Mlatino mmoja, miaka 14 hadi 16, wakahojiwa masaa na masaa mpaka wanne wakakiri mbele ya kamera. DNA haikuwa ya hata mmoja wao na bado wakafungwa. Kilichoniumiza zaidi ni Korey Wise, polisi hata hawakuwa wanamtafuta, alimsindikiza tu rafiki yake Yusef kituoni. Akakaa jela ya watu wazima karibu miaka 13!! Nyie mliionaje?

#2
Watu huuliza mtu anakirije kosa ambalo hakufanya, mimi najua. Sekondari ilipotea simu ya mwalimu, tukafungiwa watatu, kila mtu chumba chake, toka mchana mpaka giza linaingia, naambiwa mwenzako ameshakutaja, sema tu ukalale. Nikasema nimechukua. Sijawahi hata kuishika. Na mimi hakuna aliyeniangalia rangi, wale watoto walishahukumiwa kwa ngozi kabla hawajakaa kwenye kiti.

#3
Mimi naishi Marekani, mwanangu ana miaka 15, tuliangalia wote. Ile sehemu baba yake Antron, mmoja wa wale watano, anamwambia awaambie polisi wanachotaka kusikia ili atoke, mwanangu akanigeukia, mama na wewe ungeniambia hivyo? Nikanyamaza. Usiku wa manane, polisi wamewazunguka, mtoto analia anataka nyumbani, kwa kweli sijui. Tumekubaliana akikamatwa anataja jina lake, anaomba mzazi na wakili, basi, hakuna neno lingine.

#4
Mwaka 2002 Matias Reyes alikiri mwenyewe akiwa jela kwamba ndiye aliyembaka yule mwanamke, DNA ikawa yake, hukumu zikafutwa, 2014 jiji likawalipa dola milioni 41. Watu wanaiita haki imepatikana. Kaka yangu alikaa rumande miezi 14 kwa kesi isiyo yake, ametoka mwaka wa tatu huu, mpaka leo analala taa inawaka. Hizo hela zinazima taa?

#1
Pole sana mkuu. Na wewe mama wa #3, ulivyonyamaza kijana alisemaje?

#3
Hakusema kitu. Alirudisha nyuma akaiangalia tena ile sehemu.