UKOO WA MZEE MASWA 🌾

*Jumanne*

Dada Grace: Habari za asubuhi ukoo. Wifi Mama Kulwa, rudia hapa ulichoniambia jana usiku. Wote wasikie.

Dada Grace: Mama Kulwa?

Dada Grace: Mmesoma watu tisa mko kimya. Ukoo wa mabubu.

Mama Kulwa: Nilikuwa shamba wifi. Ni Dotto. Wiki ya pili hii anakojoa damu. Mkojo unaanza vizuri, matone ya mwisho ndiyo mekundu. Anasema unamchoma.

Mama Kulwa: 📷 Picha

Masanja Dar: Nikajua shemeji kaanza kuuza juisi ya rozela 😂

Baba Neema: Weka na barafu 😂😂

Dada Grace: Masanja, mtoto anaumwa.

Masanja Dar: Dada, si wote tulikojoa damu pale lamboni? Usipokojoa damu hukupewa fimbo ya kuchunga.

Dada Grace: Ndiyo maana ukawa hivyo. Wifi, ulimpeleka wapi?

Mama Kulwa: Kwa mtu mmoja ana duka la dawa hapa senta. Akasema yutiai. Sindano siku tano, elfu 35. Damu iko palepale.

Dada Grace: Mkojo hakupima?

Mama Kulwa: Alitazama tu.

Dada Grace: Na siku ile ya vidonge vya kichocho shuleni, watoto wanapimwa urefu kwa fimbo, Dotto alimeza?

Mama Kulwa: Niliwazuia wote wawili. Nilisikia watoto wanaanguka.

Dada Grace: Wanaanguka kwa sababu mnawapeleka na njaa! Bakuli la uji tu lingetosha. Wifi, huu ni uzembe. Kama ule wa hela ya bati.

Masanja Dar: Haya, bati hilo limefika 🍿

Mama Kulwa: *Ujumbe huu umefutwa*

Dada Grace: Hata ukifuta, nimesoma.

Happy Nesi: Shikamooni. Nilikuwa zamu ya usiku, ndiyo naamka. Mama mkubwa, punguza. Mama Kulwa, hicho kinafanana sana na kichocho. Sindano za yutiai haziui minyoo. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, inataga mayai yenye mwiba, yakipenya ukuta wa kibofu ndiyo damu.

Dada Grace: Mbona huku Mwanza kichocho ni cha tumbo?

Happy Nesi: Cha ziwani ndiyo, sanasana tumbo. Cha malambo na majaruba ni cha mkojo. Konokono wanaokibeba ni wengine.

Happy Nesi: Kesho mpeleke kituo cha afya chenye maabara. Mkojo utolewe kati ya saa nne na saa nane mchana, mayai hutoka mengi muda huo. Akimbiekimbie kidogo kwanza. Na yale matone ya mwisho yaingie kwenye kopo, msiyamwage, ndiyo yenye mayai.

Masanja Dar: Kwa hiyo akatoe mkojo akiwa na jasho kama Simba na Yanga

Happy Nesi: 😂 Ndiyo mjomba. Wakikuta mayai atapewa vidonge vya prazikwanteli kwa uzito wake. Ni vichungu, ale ugali kwanza. Kulwa naye apimwe, si wanaoga wote? Na baada ya wiki kadhaa warudi, dawa inaua minyoo mikubwa, midogo inabaki.

Dada Grace: Na lamboni?

Happy Nesi: Akirudi kuoga, kinarudi.

Mama Kulwa: Maji mengine tutatoa wapi, wifi? Mlituahidi kisima.

Dada Grace: Kisima kingetoka kwenye ile laki nne ya bati, ambayo mume wako mpaka leo hajasema ilikwenda wapi.

Baba Kulwa: Grace.

Baba Kulwa: Mzee yuko hapa. Kasomewa yote na Kulwa. Anataka kusema.

Baba Kulwa: 🎤 0:48

Kulwa (simu ya Baba): Babu amesema niandike, kwa wasiofungua sauti. Amesema hela ya bati aliila yeye. Alikuwa anakojoa damu mwaka juzi, haiumi, akaenda mjini kutibiwa, akamwambia baba asiseme. Damu ikakata akajua amepona. Imerudi tangu mavuno. Juzi yalitoka mabonge.

Masanja Dar: *Ujumbe huu umefutwa*

Happy Nesi: Shikamoo Babu. Bado unavuta?

Kulwa (simu ya Baba): Anasema kidogo.

Happy Nesi: Babu, wewe usimeze vidonge vya Dotto ukaishia hapo. Damu isiyouma kwa mtu mzima, hata ikikata yenyewe, haijapona. Inatakiwa ultrasaundi na kamera ya kuingia kwenye kibofu. Inaweza kuwa tezi dume, inaweza kuwa jiwe. Na kichocho cha miaka mingi huzaa saratani ya kibofu, sigara ikaongezea. Hospitali ya Bugando wanaangalia.

Kulwa (simu ya Baba): Babu anasema wiki hii mpunga unaanikwa. Na ng'ombe wake asiuzwe hata mmoja kwa ajili ya mkojo.

Dada Grace: Wifi.

Dada Grace: Nisamehe la bati.

*Jumatano*

Baba Neema: Ndiyo nasoma. Poleni sana.

Dada Grace: Mzee analala kwangu kuanzia Jumapili, mpunga utaanikwa na wengine. Mimi laki moja. Happy atampokea hospitali. Nauli nani? Masanja? Naona unaandika unaacha.

Masanja Dar: Mwisho wa mwezi dada

Dada Grace: Mwisho wa mwezi upi?

Mama Kulwa: Mzee amesema Jumapili ni mbali, atafikiria. Happy, kopo la mkojo wa Dotto wa jana nimeliweka kivulini, litafaa leo?

Happy Nesi: Hapana, mwaga mbali na lambo. Akatoe mpya saa nne.