Naomba ushauri: Krismasi Rombo na wajukuu wa jirani

Habari zenu wapendwa. Desemba hii tunapanda Rombo ukoo mzima, kama ilivyo desturi yetu Wachagga. Mbuzi wa ndafu yupo, ndizi za mtori zipo, mbege wanapika kina shangazi. Shida yangu iko kwingine.

Jirani yetu kule ni bibi anayelea wajukuu yatima. Krismasi iliyopita niliwaona kwenye misa wamevaa sare za shule, zimefuliwa na kupigwa pasi vizuri kabisa, katikati ya wenzao wenye nguo mpya. Yule mdogo alikuwa anaifunika nembo ya shule kwa kiganja. Imeniuma mwaka mzima.

Safari hii tumetenga hela ya nguo na viatu vyao, pamoja na mchele, sukari na mafuta. Mama mkwe anasema tupitishie kwenye jumuiya ndogondogo. Shemeji anataka tarehe 26, siku ya kupeana zawadi. Mimi naona hapo tumechelewa, nguo ya sikukuu huvaliwa sikukuu! Tena natamani waje tule nao mezani, si kupelekewa sahani, maana Luka 14 inatuagiza tukifanya karamu tuwaalike maskini.

Ila bibi huyu ana heshima zake, hata chumvi haombi. Nimwendee mwenyewe mapema, au nimtume mama mkwe ambaye ni rika lake? Na vipimo vya viatu nivipateje watoto wasijue? Mliowahi kufanya hivi naombeni mwongozo, tiketi tumeshakata.