Familia ya Mutisya: Karibuni Wote

Jumapili

[6:41] Shangazi Mwende: Hamjambo wapendwa. Faith anaingia wiki ya 28 Alhamisi. Damu yake ni O hasi, lazima adungwe anti-D. Nataka jibu leo: nani anamsindikiza, nani anachanga.

[6:43] Shangazi Mwende: Jana nilikaa na sista wa kliniki. Kama mtoto ana damu chanya na ikagusana na ya Faith, mwili wake utaiona adui na kutengeneza kingamwili. Mimba ya kwanza mara nyingi hupona. Zinazofuata ndizo hushambuliwa. Sindano inaondoa chembe za damu ya mtoto kabla mwili wa Faith haujashtuka.

[6:44] Shangazi Mwende: Akijifungua, mtoto apimwe. Akiwa chanya, Faith adungwe tena ndani ya saa 72. Dawa hukaa kwa friji na si kila chemisti anayo, tuiulizie mapema.

[9:20] Shangazi Mwende: Mmesoma. Naona tiki za bluu.

[9:52] Mjomba Kioko: Damu hasi si kitu. Akaunti yangu ndiyo hasi tangu Januari 😂

[9:53] Kevo: 😂😂😂

[9:53] Shangazi Mwende: Kioko, si wakati wake.

[9:58] Mjomba Kioko: Basi mchango. Ule wa tenki tulipewa hesabu?

[9:59] Shangazi Mwende: Risiti niliwaonyesha kwa matanga, Kioko. Hukuangalia.

[10:30] Faith: Shangazi, kuna kitu. Ile mimba iliyotoka Aprili mwaka jana, sikudungwa chochote. Nilipewa dawa za maumivu nikaambiwa niende nyumbani.

[10:31] Shangazi Mwende: Ulikuwa wiki ya ngapi?

[10:31] Faith: 14.

[10:33] Shangazi Mwende: Walipaswa kukudunga hapo hapo. Basi Alhamisi kwanza damu ipimwe kama kingamwili zipo. Zikiwepo sindano haitasaidia, utafuatwa kwa karibu hadi ujifungue. Usilie. Ben, grupu yako?

[13:15] Kevo: Mimi naandika, Shosho ndiye anasema. Mwaka jana alipopasuliwa nyonga aliambiwa ni O hasi. Baada ya Kioko alizika wawili, 1966 na 1967, wote walikuwa manjano hadi ndani ya macho. Alimwambia Mama Nduku ndiye aliyewaroga. Mama Nduku amekufa hawajasalimiana.

[13:40] Mjomba Kioko: Mwaitu.

[13:44] Shangazi Mwende: Mwaitu, hiyo dawa ilianza kutumika 1968. Hakuna ambaye angekudunga. Na mimi niliyefuata ni O hasi kama wewe, damu yako haikuwa na cha kugombana nami.

[13:52] Kevo: Amenyamaza. Anashika lile shuka la kitanda.

[13:57] Kevo: Anasema Faith asiende peke yake.

[16:10] Ben: Nilikuwa zamu. Sijawahi kupimwa grupu. Alhamisi pia niko kazini.

[16:11] Shangazi Mwende: Upimwe kesho, Ben. Ukiwa hasi pia, mtoto atakuwa hasi, na tutapumua.

[16:40] Mjomba Kioko: Nimetuma 1,500. Hesabu ya tenki bado naisubiri.

[19:25] Faith: Asante Mjomba. Nani anakuja basi?

[19:31] Shangazi Mwende: Naomba ruhusa kesho, nikinyimwa nitasema hapa. Ben?

[20:02] Kevo: Shosho anauliza gari la kwanza la Machakos linaondoka saa ngapi.

[20:03] Shangazi Mwende: Na hiyo nyonga? Kevo, mpe simu.